Nani Abebe Gharama ya Kusubiri?

Jumapili moja usiku, mtu alirusha skrinishoti kwenye grupu letu la WhatsApp, lile la Waswahili wa mji huu wa kaskazini mwa Uingereza: Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi wachache. Ilikuwa picha ya ukurasa wa rejista ya madaktari. Juu, jina kamili la daktari. Chini yake, maelezo mafupi kwamba amesimamishwa kwa amri ya muda. Sababu haikuandikwa.

Daktari huyo tunamfahamu. Wengi humo kwenye grupu wamepita mikononi mwake, wao au watoto wao.

Majibu yakaanza kumiminika. "Makubwa!" "Yarabi, si ndiye aliyemtibu mtoto wa da' mkubwa?" Mwingine akatupia methali: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kisha mama mmoja ninayemheshimu sana, mtu mzima asiyependa umbea, akaandika: "Wazungu hawamsimamishi mtu bure."

Asubuhi grupu lilikuwa limeshahamia kwenye mchango wa msiba. Habari ya daktari ikawa imekwisha, na daktari mwenyewe pia.

Sentensi ya mama yule ilinikaa kichwani kwa wiki nyingi. Nilikwenda nayo kazini, nikarudi nayo. Ndani yake mna imani mbili nzito: kwamba kusimamishwa ni ushahidi, na kwamba mfumo wa huku haukosei. Mimi ni mkalimani wa hospitalini. Kutwa nakaa kati ya mgonjwa na daktari. Sikutaka kumtetea mtu ambaye sijui anatuhumiwa nini, na hadi leo sijui. Nilitaka kujua amri ile ni kitu gani hasa, na kama yupo mwenye mamlaka ya kuihoji. Nikaanza kusoma hukumu za Mahakama Kuu, jioni baada ya jioni.

## Amri isiyotaja kosa

Sisi tuliokulia Tanzania tunaijua vizuri habari ya "kusimamishwa kupisha uchunguzi". Waziri anatua hospitalini kwa ziara ya kushtukiza, kamera ziko nyuma yake, wananchi wanatoa malalamiko, na kabla jua halijazama mganga na wauguzi wawili wameshasimamishwa. Makofi. Taarifa ya habari. Uchunguzi wenyewe uliishia wapi, ni wachache wanaouliza tena.

Uingereza jambo hili hufanyika kimyakimya. Baraza la Madaktari, GMC, likipokea malalamiko mazito linaweza kumpeleka daktari mbele ya jopo la amri za muda. Jopo lina makao yake Manchester, mtaa wa Oxford Street, na vikao vyake kwa kawaida ni vya faragha. Ni watu watatu, na kati yao lazima awepo daktari na awepo asiye daktari. Nguvu zao zinatoka kifungu cha 41A cha Sheria ya Madaktari ya mwaka 1983. Wanaweza kumwekea daktari masharti ya kufanyia kazi, au kumsimamisha kabisa, kwa muda usiozidi miezi 18. Amri hupitiwa upya ndani ya miezi 6.

Kuna jambo nililolisoma mara mbilimbili. Jopo hili haliamui kama daktari alitenda au hakutenda. Halipimi nani mkweli na nani mwongo. Linajiuliza tu kama amri ni ya lazima, iwe kwa kuwalinda wagonjwa, kwa maslahi ya umma, au kwa faida ya daktari mwenyewe. Suala la kosa litakuja baadaye, mbele ya jopo jingine, uchunguzi ukishakamilika.

Kwa hiyo mtu anaweza kukaa nje ya kazi mwaka mmoja na nusu bila yeyote kutamka kwamba amekosa.

Na jina lake liko palepale kwenye rejista, mbele ya kila mwenye simu.

## Milango miwili

Mahakamani kuna milango miwili. Daktari ana wake: wakati wowote anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba kusimamishwa kwake kuondolewe, masharti yabadilishwe, au muda upunguzwe. GMC nayo ina wake, na huo ndio ulionivutia zaidi. Muda wa amri ukiisha na uchunguzi bado, jopo halina uwezo wa kuurefusha. Lazima GMC iende kwa jaji kuomba, na jaji naye hawezi kuongeza zaidi ya miezi 12 kwa mara moja.

Hukumu za kwanza nilizosoma zilinipa moyo. Katika shauri la Madan la mwaka 2001, mahakama ilisisitiza uwiano: hatari inayoogopwa iwekwe kwenye mizani pamoja na madhara yatakayompata daktari. Katika shauri la Sheikh la mwaka 2007, ambaye ni daktari wa meno, Jaji Davis alisema kwamba kumsimamisha mtu kwa hoja ya maslahi ya umma peke yake kutakuwa jambo la nadra.

Kisha nikafika kwenye shauri la Hiew, la Mahakama ya Rufani, mwaka huohuo wa 2007. Hii ndiyo hukumu ambayo mawakili wote huanzia. Jaji Arden aliweka wazi kwamba mzigo wa kushawishi uko kwa GMC, si kwa daktari. Jaji anayeombwa kuongeza muda aangalie uzito wa tuhuma, aina ya ushahidi, ukubwa wa hatari, sababu za shauri kutokwisha, na madhara kwa daktari. Hadi hapo sawa. Lakini hukumu hiyohiyo inasema si kazi ya jaji huyo kuamua ukweli wa tuhuma. Akiona wazi kwamba shauri ni dhaifu, anaweza kulizingatia hilo. Akikuta daktari anasema hivi na mlalamikaji anasema vile, hapo hatachimba.

Hapo ndipo nilipokwama.

Fikiria mtu anakwenda mbele ya jaji akisema nasingiziwa. Anajibiwa kwamba hilo si la leo. La lini basi? La siku uchunguzi utakapoisha. Na utaisha lini? Ndiyo maana GMC ipo hapo mahakamani, kuomba muda zaidi. Kwa siku kadhaa niliona mduara tu, na nilikuwa tayari kuandika makala kali ya kuilaani hukumu hiyo.

Kilichonizuia ni kazi yangu.

## Kwenye kiti cha mgonjwa

Siri za wagonjwa si zangu kuzitoa, kwa hiyo nitaeleza jambo ambalo kila mkalimani wa Kiswahili hapa amelishuhudia. Mama wa Kikongo, aliyepitia kambi za wakimbizi kabla ya kuletwa Uingereza, amekaa mbele ya daktari wa upasuaji. Daktari anachora kwenye karatasi: hapa tutakata, hiki tutakitoa. Namweleza mama kwa Kiswahili. Akimaliza kusikiliza ananigeukia mimi: "Wewe unaona namna gani?" Kanuni za kazi zinanikataza kutoa maoni. Namwambia, mama, swali lako nitampelekea daktari. Anatikisa kichwa. "Munganga amesema, basi ni vile." Anachukua kalamu, anasaini.

Mama huyu hawezi kusoma rejista ya mtandaoni. Hajui kwamba kuna Baraza la kulalamikia. Anachojua ni kwamba aliyevaa kitambulisho shingoni amekaguliwa na mtu.

Uingereza ina sababu ya kuogopa. Harold Shipman alikuwa daktari wa mtaa pale Hyde, jirani na Manchester, akipendwa na wazee. Mwaka 1998 polisi walianza kumchunguza, wakafunga jalada. Kati ya siku walipolifunga na siku alipokamatwa, aliua wagonjwa wengine watatu. Januari 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji ya watu 15. Uchunguzi ulioongozwa na Jaji Janet Smith baadaye ulitambua wahanga 215. Mfumo wa sasa wa amri za muda uliingia kwenye sheria mwaka huohuo wa 2000.

Kisha kuna Ian Paterson, daktari wa upasuaji wa matiti, aliyewakata wanawake wasiokuwa na ugonjwa wowote. GMC ilimsimamisha mwaka 2012. Mahakama ya jinai ilimtia hatiani Aprili 2017. Muda huo wote, kisheria, alikuwa mtuhumiwa tu. Nani leo angesema alipaswa kurudishwa kwenye chumba cha upasuaji wakati anasubiri kesi yake?

Nilipomweka mama yule wa Kikongo kwenye meza ya Paterson, hasira yangu juu ya Hiew ilipungua nguvu. Nikairudia hukumu, na safari hii nikaona kitu ambacho mwanzo hakikunigusa. Hebu tuseme jaji angeruhusiwa kuamua nani mkweli, kwa kusoma makaratasi tu, katika kikao cha saa chache, bila mashahidi kuhojiwa. Daktari angeweza kushinda, ndiyo. Angeweza pia kushindwa, na kutoka pale na maneno ya jaji wa Mahakama Kuu dhidi yake, kabla shauri lake la kweli halijasikilizwa. Kujizuia kwa jaji kunamlinda pia huyo anayelia anasingiziwa.

Basi kama ukweli wa tuhuma si suala la siku hiyo, suala ni nini?

## Ushindi wa daktari nisiyekubaliana naye

Mwaka 2021 daktari mmoja wa mtaa, Samuel White, alitoa video mtandaoni kuhusu barakoa na chanjo za Uviko. Mimi sikubaliani na aliyoyasema. Niliona kwa macho yangu wodi za wakati ule, nilitafsiri simu za kuaga, na wala sitaki mjadala juu ya hilo.

Jopo halikumsimamisha. Lilimwekea masharti, mojawapo asiandike chochote juu ya janga hilo kwenye mitandao ya kijamii, na afute aliyokwisha kuyaandika. Alikwenda Mahakama Kuu. Desemba 2021 Jaji Dove alikubaliana naye kwamba jopo lilikosea kisheria: Sheria ya Haki za Binadamu ya 1998, kifungu cha 12, inataka kipimo maalumu kabla ya kumzuia mtu kusema wakati shauri bado halijaamuliwa, na jopo halikukitumia kipimo hicho.

Jaji hakusema maneno ya daktari yule ni ya kweli. Wala hakuhitaji kusema.

Shauri hilo lilinifundisha mahakama inafanya nini hasa kwenye mambo haya. Inamshika mwenye mamlaka na kumuuliza: ulipita njia iliyowekwa? Ulipima? Unaweza kuonyesha? Na ni haki kwamba swali hilo aulizwe hata kwa niaba ya mtu ambaye mimi na wewe hatumpendi.

## Ukurasa wa tarehe

Ukisoma hukumu za maombi ya kuongeza muda utakutana na sehemu moja isiyokosekana: orodha ya tarehe. Siku malalamiko yalipopokelewa. Siku hospitali ilipoandikiwa ilete kumbukumbu za wagonjwa. Siku ilipokumbushwa. Polisi wameulizwa, wamejibu kwamba bado wanaendelea. Mtaalamu ameombwa aandike ripoti, ripoti imechelewa, maswali ya nyongeza yamepelekwa.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na orodha hiyo huandaliwa na GMC. Mimi nilijizoeza kuisoma kwa kutazama mapengo. Kati ya barua na barua inayofuata, kumepita muda gani ambao hakuna kilichotokea? Kuna mapengo yenye maelezo: polisi wakiwa na wahanga wengi wa kuwahoji, GMC mara nyingi hulazimika kusubiri wamalize. Kuna mengine ambayo huoni kitu. Barua imetumwa, haikujibiwa, na miezi ikapita.

Pengo kama hilo kwa ofisi ni mstari mweupe tu. Kwa daktari ni kodi ya nyumba. Daktari wa zamu za wakala akisimamishwa hana zamu, na bila zamu hana hata senti. Aliyekuja kwa viza ya kazi yuko pabaya zaidi: mwajiri akimwachisha, Wizara ya Mambo ya Ndani kwa kawaida humfupishia viza ibaki siku 60, na ndani ya siku hizo atafute mwajiri mwingine wa kumdhamini. Nani atamwajiri kama daktari mtu ambaye rejista inasema haruhusiwi kutibu? Halafu mikono. Daktari wa upasuaji asiyegusa kisu miaka miwili, hata akisafishwa jina, harudi kuwa yule wa jana.

Kuna namba moja iliyonifanya nifunge kompyuta usiku ule. GMC yenyewe iliagiza tathmini ya vifo vya madaktari waliokuwa wakichunguzwa. Ripoti ilitoka Desemba 2014: kati ya 2005 na 2013, madaktari 28 walijiua au walidhaniwa kujiua wakiwa chini ya uchunguzi. Si wote waliokuwa wamesimamishwa, na baadhi walikuwa na maradhi yao ya akili tangu kabla. Hata hivyo, 28.

Na tusijidanganye kwamba kusubiri huku kunamwangukia kila mtu sawasawa. Mwaka 2019 utafiti ulioagizwa na GMC hiyohiyo ulionyesha kwamba waajiri huwapeleka madaktari wasio weupe mbele ya Baraza kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya weupe, na waliosomea nje ya Uingereza wako kwenye hali mbaya zaidi dhidi ya waliosomea hapa. Mwaka 2021 Baraza liliahidi kuondoa tofauti hiyo ifikapo 2026. Ningependa mama yetu wa grupu aijue habari hii. Wazungu hawamsimamishi mtu bure, sawa, lakini mlango wa kuingilia kwenye mfumo huu haujawa na upana mmoja kwa wote.

## Jaji aulize nini

Baada ya kusoma kote huko nimefika mahali pa kusimama. Amri ya muda ibaki. Kujizuia kwa jaji kuamua ukweli kubaki pia. Lakini kwenye muda, mahakama iwe kali, kwa sababu muda ndio kitu pekee ambacho kimewekwa mikononi mwake kabisa. Bunge lingeweza kuiachia GMC ijiongezee miezi kadiri inavyotaka. Halikufanya hivyo. Lilimtaka mwenye nguvu atoke ofisini kwake, aende kwa mtu asiye wake, aeleze kwa nini hajamaliza.

Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 47, inaposema kila mtu ana haki ya uamuzi wa kiutawala ulio wa haki, neno la kwanza kwenye orodha ya sifa zake ni kwamba uwe wa haraka. Kabla ya ufanisi, kabla hata ya uhalali. Ninadhani waandishi wake walijua nchi yao, walijua jalada linavyoweza kulala.

Swali la Paterson naweza kulijibu sasa. Ukali ninaoutaka usingemrudisha kazini. Tuhuma zilikuwa nzito kupita kiasi, wahanga walikuwa wengi, polisi walikuwa kazini; jaji yeyote angeuliza kwa nini haijaisha na angepata jibu. Anayeumia na ukali huu ni ombi lisilo na jibu.

Na jaji hana haja ya kuchagua kati ya kukubali yote na kukataa yote. GMC ikiomba miezi 12 anaweza kutoa michache tu, na kuna majaji waliofanya hivyo. Njia hiyo naipenda kuliko zote. Mgonjwa anabaki salama, na GMC inajua kwamba baada ya muda mfupi itasimama tena pale ikiwa na ukurasa uleule wa tarehe, na safari hii mapengo yatakuwa yanaonekana zaidi.

## Kwa kaka na dada zangu mnaowasili

Haya ya mwisho ni kwa madaktari wetu wanaotua hapa kutoka Muhimbili, Bugando, Nairobi, Eldoret, Kampala. Wengi hufikiri kwamba bima ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, inawafunika kwa kila kitu. Haiko hivyo. Bima ile ni ya madai ya fidia kutoka kwa wagonjwa. Ukiitwa mbele ya jopo la GMC, au ukitaka kwenda Mahakama Kuu, wakili ni wa kwako. Ndiyo maana kuna vyama vya utetezi kama Medical Defence Union na Medical Protection Society. Jiunge kabla ya zamu ya kwanza, maana tatizo lililotokea kabla hujajiunga kwa kawaida hawatalichukua. Kama unaona kichwa kinaelemewa, kuna huduma ya siri ya Practitioner Health kwa ajili ya watumishi wa afya wenyewe.

Wito wa jopo la muda huja na siku chache tu za kujiandaa. Nenda. Usikae nyumbani kwa aibu, na usimfiche mwenzi wako.

Na muda wa amri ukikaribia kwisha utaletewa karatasi ya kukubali kwamba GMC iongezewe muda. Maombi mengi huishia hivyo, kwa sahihi ya daktari, bila jaji kuulizwa jambo gumu. Pengine ni sahihi kukubali, pengine wakili wako atakushauri hivyo kwa sababu nzuri. Lakini kabla ya kusaini, omba ile orodha ya tarehe, ukae na wakili mstari kwa mstari, na pale penye pengo lisilo na maelezo aandike barua ya kuuliza kulikuwa na nini.